Bobini na Pengo la Shemeji

Watu wengi wanaomfahamu Bobini wanamfahamu kwa masikio tu. Wamesikia muziki wake redioni, wameucheza harusini, na wengine wamebishana hadi kununiana kuhusu wimbo wake upi ulio bora. Ni wachache wanaojua kwamba mtunzi huyo wa jazi, aliyeongoza bendi kwa zaidi ya nusu ya maisha yake, hakuwahi kuacha kazi yake ya kutengeneza cherehani. Nimeona ni vema kumweleza kuanzia upande huo, kwa sababu bila cherehani bendi yake isingekuwapo, na bila bendi asingefika mahali pa kuchagua kati ya wimbo wake mkubwa na kaka wa mke wake.

Jina lenyewe lilitoka kazini. Mfuko wa shati lake ulijaa bobini, vile vigurudumu vidogo vya kuzungushia uzi wa chini, na alipotembea viligongana. Wateja walimsikia kabla hawajamwona.

Mama yake alikuwa msafishaji wa shule. Wanafunzi walipokwisha kuondoka, mama alifagia madarasa na mtoto akaachwa kwenye ukumbi, ambako palikuwa na piano kuukuu. Baadhi ya noti zake zilikuwa zimekufa. Ukizibonyeza unasikia mbao tu. Bobini alijifunza kupiga kwa kuziruka, na alipokuja kupata piano nzima ukubwani, vidole viliendelea kuruka palepale. Waandishi wa magazeti waliuita huo mtindo wake wa pekee. Yeye alisema ni mazoea tu.

Baba yake mdogo alimfundisha ufundi wa cherehani, na ufundi huo ndio uliompatia mke. Mshonaji mmoja, mwenye chumba cha kazi nyuma ya duka la vitambaa, alimwita atengeneze mashine iliyokuwa inaruka mishono. Aliitengeneza. Kisha akarudi bila kuitwa, akarudi tena.

"Fundi, juzi ulisema ni mkanda," mshonaji alimwambia. "Leo ni nini?"

"Leo ni uzi wa juu, dada. Unakaza mno."

"Mashine hii imekuwa nzima tangu siku ya kwanza. Anayeiharibu ni wewe. Kama una neno, liseme, mimi nina nguo za watu."

Akalisema. Lakini inafaa msomaji aijue tabia hiyo mapema: Bobini alikuwa mtu wa kuzunguka. Jambo lenye uzito moyoni mwake alilipitia nyuma ya nyumba, akalichungulia dirishani, akaondoka bila kubisha hodi.

Mke alikuja na kaka yake, fundi wa magari aliyepiga tromboni. Bobini na kaka huyo waliitana shemeji, kama ilivyo kawaida, lakini kwa kuwa Bobini alimtajataja kila alikokwenda na sanduku lake la vifaa, mtaa mzima ukalishika jina hilo. Watu wasio na udugu naye wowote walimwita Shemeji. Yeye mwenyewe alikuwa akilalamika: "Nina dada mmoja tu, na ameolewa na wanaume nusu ya mji."

Shemeji alikuwa na pengo. Zamani wenzo wa jeki ulifyatuka ukampiga mdomoni, ukang'oa jino moja la juu, la mbele kabisa, na kuvunja nusu ya jirani yake. Alicheka bila kujificha na akapuliza tromboni yake vilevile, kwa mdomo aliokuwa nao.

Bendi ilianza na watu kama yeye. Kinyozi alipiga ngoma, mkunga wa zahanati alipiga saksafoni, mwokaji mikate alipiga tarumbeta, na kijana wa duka la samani alipiga besi. Hakuna hata mmoja aliyejua kusoma muziki, na muda wa kukutana ulikuwa Jumamosi mchana peke yake. Kwa hiyo Bobini alibuni njia yake. Katikati ya juma, akiwa kwenye mizunguko ya cherehani, alipita kwa kila mpigaji kazini kwake na kumfundisha kipande chake kwa kukiimba. Kila mmoja alijua chake tu. Wimbo mzima aliusikia Bobini kichwani, na wengine waliusikia Jumamosi.

Mkewe alinisimulia siku moja alipomkuta kwa kinyozi.

"Tu-ku-ta, tu-ku-ta, halafu unanyamaza," Bobini alikuwa anaimba, mkono ukipiga paja.

"Nanyamaza mpaka lini?" kinyozi akauliza, mkasi hewani.

"Mpaka mwokaji amalize."

"Yule haishiwi pumzi. Nitazeeka nimekaa."

"Jamani," mteja akasema kutoka kitini, "mimi naomba sikio langu nirudi nalo nyumbani."

Mazoezi yalifanyika katika ghala la duka la vitambaa, kati ya marobota yaliyopangwa mpaka darini. Vitambaa vilimeza sauti. Mara ya kwanza bendi ilipopiga uwanjani, mbele ya watu, wapigaji wenyewe walishtushwa na kelele yao, na kinyozi alisimama katikati ya wimbo akidhani kuna kitu kimeanguka.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Bobini hakumwambia mtu. Alitunga kwa kufuata kasoro za watu wake. Kinyozi alikuwa na haraka, fimbo zake zikitangulia wenzake kidogo, basi Bobini aliweka nyimbo zake ziegemee mbele, kama mtu anayeteremka mlima. Mkunga akianza kupuliza hakumsikiliza mtu yeyote, basi alipewa sauti ndefu na wengine wakaambiwa wamzunguke. Mwokaji aliogopa noti za juu, basi tarumbeta yake ilianza juu mara moja tu, kwa kushtukiza, ikashuka kabla hajapata muda wa kuogopa. Kwao wote Bobini alisema neno moja: "Nimekutungia kipande ambacho hakuna mwingine wa kukipiga." Walifurahi, wakakaza mwendo.

Wimbo uliomfanya ajulikane uliitwa "Subiri Nivae Viatu." Hayo ndiyo maneno aliyojibiwa kila alipompitia Shemeji nyumbani kwenda mazoezini. Tromboni ilianza peke yake, ikivutavuta miguu, ikiingia huku na kutoka kule kama mtu anayetafuta kiatu cha pili chini ya kitanda, na sauti yake ilikuwa nusu muziki na nusu pumzi, yenye mkwaruzo fulani, kama mtu anayetaka kusema jambo akaghairi. Watu walipousikia walicheka, kisha wakanyamaza, kisha wakainuka kucheza. Waliuomba uwanjani, harusini, hata katika hafla za kuwaaga wastaafu.

Habari zikamfikia mtayarishaji wa santuri. Alikuja ghalani siku moja na suti iliyopigwa pasi vizuri, akakaa juu ya robota, akasikiliza, na kabla wimbo haujaisha alikwisha kuamua. Bendi ingerekodi santuri kubwa, "Viatu" ukiwa wimbo wa kwanza. Mke wa Bobini alianza kukata makoti ya sare siku ileile.

"Tutapigwa picha ya jalada," Bobini aliwaambia wenzake. "Kila mtu ajitengeneze. Sitaki mtu aonekane kama ametoka chini ya gari." Hapo akamtazama Shemeji, akimaanisha grisi ya kwenye kucha.

Shemeji alielewa anachoambiwa, au alidhani ameelewa. Alikwenda kwa daktari wa meno bila kumwambia mtu. Daktari aling'oa nusu ya jino iliyobaki, akang'oa na mengine mawili yaliyokuwa yamelegea, na vidonda vilipopona akamtengenezea meno ya bandia. Wakati wote huo Shemeji alikwepa mazoezi kwa kisingizio cha gari la mteja. Jumamosi aliyorudi, aliingia ghalani amefunga mdomo, akasimama katikati, akatabasamu.

"Ala!" kinyozi akasema. "Huyu nani?"

"Mgombea ubunge," mwokaji akajibu.

"Hebu cheka tena," mkunga akamwambia. "Taratibu, yasianguke."

Bobini aliketi kwenye piano na kuhesabu, na Shemeji akapuliza mwanzo wa "Viatu." Sauti ilitoka safi. Ilikuwa nyembamba, imenyooka, na haikutafuta kitu chini ya kitanda chochote. Katikati ilikatika, kwa sababu midomo haikujua pa kushika.

"Kiti," Bobini akasema. "Kiti chako kimekaa vibaya."

Wakabadilisha kiti. Jumamosi iliyofuata kosa likawa la unyevunyevu wa ghalani, kisha la mafuta ya tromboni. Bobini alizunguka, na Shemeji, aliyekuwa akifanya mazoezi gereji kila mchana hadi ufizi ukavimba, alibadilisha viti.

Mtayarishaji hakuwa mtu wa kuzunguka. Aliposikia mambo yalivyo alimleta mpiga tromboni wa bendi ya polisi, koplo mmoja mrefu na mpole, siku ambayo Shemeji hakuwapo. Koplo alipiga vizuri, na si haki kusema vinginevyo. Aliimbiwa kipande mara moja, akakishika chote, na hata ule mkwaruzo aliuiga kwa ulimi.

"Huyu ndiye," mtayarishaji akasema. "Wimbo umepona. Makoti yakamilishwe, tuingie studio."

Bobini aliomba apewe mpaka Jumamosi.

Alipofika nyumbani alimkuta mkewe kwenye mashine, makoti yamening'inia mlangoni. Moja lilikuwa bado vipande mezani.

"La kaka nimelikata, sijalishona," mkewe alisema bila kuinua macho. "Koplo nimemwona dukani. Ana mabega mapana kuliko kaka. Nipe jina, niweke vipimo."

"Mke wangu, usinibane."

"Nani anakubana? Mimi ni mshonaji, naomba vipimo." Akakata uzi kwa meno. "Kaka anajua kwa nini sauti imekataa?"

"Anadhani ni kiti."

"Na wewe unadhani ni kiti?"

Bobini akashika bobini moja mfukoni, akaizungusha.

"Ukimtoa, nitalia, kisha nitaendelea kukupikia," mkewe akasema. "Lakini ukimtoa akiwa bado anahangaika na viti, hapo mimi na wewe tutakuwa na neno. Nenda kamwambie. Tena wahi, mwokaji asije kukutangulia. Akijua yeye, wamejua wote wanaokula mkate."

Kesho yake asubuhi Bobini alikwenda gereji. Shemeji alikuwa chini ya gari, miguu tu ikionekana.

"Shemeji, toka kidogo."

"Sema tu, nakusikia. Nikiachia hapa mafuta yote yatanimwagikia."

Bobini alikaa juu ya tairi. Alianza na joto, akahamia kwenye afya ya watoto, akagusia barabara mbovu. Kisha akasema: "Si kiti."

"Najua si kiti. Nimekalia viti vyote vya ukoo."

"Ni meno."

Spana ikaacha kugonga.

"Ule wimbo niliutungia pengo lako," Bobini akaendelea, akiongea na soli za viatu vya shemeji yake. "Ule mkwaruzo hukuwa unautoa wewe kwa kutaka. Ni upepo ulikuwa unapita pale. Niliusikia siku ya kwanza ulipopuliza sebuleni kwa dada yako, nikautafutia wimbo. Sikukwambia. Ningemwambiaje mtu mzima kwamba nimependa mahali alipong'oka jino?"

Shemeji akajisukuma nje, mafuta yakamwagika kweli, naye hakuyajali.

"Miaka yote hii unaniambia, 'Shemeji, hakuna mwingine wa kukipiga hiki.'"

"Ilikuwa kweli."

"Nilidhani unanisifu!"

"Nilikuwa nakusifu."

"Ulikuwa unasifu shimo!" Alijifuta uso kwa tambara, akazidi kujipaka. "Nimelazwa kwenye kiti cha daktari, nimeng'olewa mpaka machozi, mimi na ndevu zangu nimekula vyakula vya kitoto, yote nisikuaibishe kwenye picha. Kumbe ungesema tu. Neno moja, 'acha'!"

"Nimekosa, shemeji."

"Umekosa sana." Akalitupa tambara. "Kuna mtu mwingine amekuja, sivyo?"

"Koplo wa bendi ya polisi."

"Anapiga?"

"Anapiga hasa."

"Afadhali. Ningeona aibu kutolewa na mtu asiyejua." Akainuka, akanawa mikono kwa mafuta ya taa na sabuni, polepole, kidole kwa kidole. Kisha akatoa tromboni kwenye sanduku lililokuwa juu ya kabati la vipuri. "Kabla hujaniambia nimetoka au nimebaki, kaa hapo hapo. Majumamosi yote haya umekuwa ukisikiliza pengo ambalo halipo. Haya meno hujayasikiliza hata kidogo."

Hakupiga "Viatu." Alishuka chini kabisa, mahali ambapo zamani upepo ulimvuja na noti ikamfia, akapuliza kwa upole. Noti ilikaa. Aliishikilia muda mrefu, ikiwa ndogo na nzito, haina mkwaruzo wowote, na mwanafunzi wake aliyekuwa anapaka rangi mlango wa gari uani aligeuka kutazama. Shemeji akapiga nyingine chini yake. Ya tatu ilimtoroka, akatukana, akairudia.

"Hiyo ya pili," Bobini akasema. "Unaweza kuingia nayo bila kuanza? Yaani, mtu asijue umeanza lini?"

"Naweza. Juu siwezi, juu kumekufa. Huku chini naweza."

"Basi huko juu tutaparuka," akasema Bobini.

Jumamosi alisimama mbele ya bendi na kuwaeleza yote, ya koplo na ya pengo. Hakutarajia kilichofuata.

"Ngoja," kinyozi akasema. "Kama yeye ulimtungia pengo, mimi ulinitungia nini?"

"Tuendelee na mazoezi."

"Hatuendelei. Sema."

"Wewe una haraka. Siku zote unatangulia—"

"Mimi? Sina haraka mimi!"

"Sijamaliza na umeshajibu."

Ghala likalipuka kwa kicheko. "Na mimi?" mkunga akauliza.

"Wewe ukianza kupuliza humsikilizi mtu."

"Uongo huo," mkunga akasema, akageuka kuendelea na maongezi yake na kijana wa besi. Mwokaji alikuwa amejibanza nyuma ya robota. "Mimi usiniambie," akaomba. "Nalala vizuri, niache hivyohivyo."

Mtayarishaji alikasirika, na alikuwa na sababu. Bobini alimpa maneno mawili tu: Shemeji anabaki, na "Viatu" haurekodiwi. Watu wanataka "Viatu," mtayarishaji akasema, wewe unaniletea huu wimbo mpya wa polepole, wa noti za chini, ambao haujapigwa hata harusi moja. Walivutana juma zima. Mwishowe alikubali, lakini santuri kubwa ikafutwa. Wangepata santuri ndogo, wimbo mmoja kila upande, na picha ya jalada haingekuwapo. Koplo alirudi kwenye bendi yake bila kinyongo, na kwa miaka mingi alimsalimia Shemeji barabarani kwa saluti.

Ndiyo maana "Subiri Nivae Viatu" hausikiki popote leo. Wazee waliouwahi uwanjani wanagombana kuhusu ulivyokuwa, na hakuna wa kuwaamua. Bendi iliacha kuupiga. Watu walipoupigia kelele, Bobini alitikisa kichwa na kuanza mwingine, na baadhi yao walitoka ukumbini wakilalamika. Ule wimbo wa polepole, ule ambao redio inautumia sasa kila mara, haukuvuma mwaka huo wala uliofuata. Ulikuja kupendwa baadaye, nao ukavuta nyingine nyuma yake. Kufikia hapo Bobini alikuwa na mvi, na bado alikuwa anatengeneza cherehani.

Siku ya kurekodi ilikuwa ya katikati ya juma, asubuhi. Wote waliomba ruhusa kazini. Studio ilikuwa chumba cha chini chenye mablanketi ukutani, na wapigaji waliona raha, maana palifanana na ghalani. Walivaa makoti ingawa hapakuwa na mpiga picha, la Shemeji likiwa limeshonwa mwisho na kukaa vizuri kuliko yote. Fundi mitambo aliketi nyuma ya kioo, akainua kidole, wakaanza.

Hawakufika mbali. Fundi mitambo akawasimamisha.

"Kuna kitu kinagonga," akasema kwenye kipaza sauti. "Tik, tik. Kabla ya kila noti ya chini."

Kinyozi aliziangalia fimbo zake. Kijana wa besi alikagua nyuzi. Mkunga alitazama dari. Wote walikuwa wanajua, na wote walikuwa wanamngoja Bobini, ambaye mikono yake ilikuwa bado juu ya piano. Kiti cha Shemeji kilikuwa pale, cha mbao, kinayumba kidogo.

"Ni meno yako, shemeji," Bobini akasema.

"Najua," Shemeji akajibu. "Huo mlio unautaka au huutaki?"

"Siutaki. Umekaa vibaya kwenye wimbo."

"Sawa."

Shemeji aligeukia ukutani, akaingiza vidole mdomoni, akayasukuma na kuyakaza kwa kipande cha uzi alichokuwa amekivuta kwenye upindo wa koti lake jipya. Ilimchukua muda. Aliporudi kukaa alilamba midomo, akajaribu noti moja ya chini kabisa, na fundi mitambo akasikiliza, akatikisa kichwa kwamba hasikii kitu kingine.

"Haya," Bobini akasema, na kinyozi akaanza kabla yake.